Siku Tano Mombasa na Mizani ya Kamani

Nimerejea Nairobi wiki mbili zilizopita, na sasa ndipo nilipopata nafasi ya kukaa na daftari langu, picha za simu na risiti chache zilizosalimika mfukoni ili niiandike safari hii kwa utaratibu. Haikuwa safari ya kitalii. Mpwa wangu wa miaka kumi na mitatu, anayeishi Mombasa kwa bibi yake ambaye mimi humwita Mama Mkubwa, alikuwa ametakiwa na mwalimu wake atayarishe mazungumzo ya dakika kumi kuhusu nguvu ya uvutano katika sayari mbalimbali, na jinsi ambavyo ingebadili mwendo wa binadamu. Alinipigia simu akiwa amekwama kwenye jedwali la tarakimu ambalo, kwa maneno yake, lilikuwa kimya. Kwa kuwa mimi hufundisha fizikia, na kwa kuwa nilikuwa na deni la kumwamkia Mama Mkubwa, nilimwahidi kwamba likizo ya Agosti ningeshuka pwani, tukaitafute mada hiyo barabarani.

Siku ya kwanza, Jumatatu: Syokimau hadi Kibokoni

Baridi ya Nairobi ilikuwa ikiuma nilipofika stesheni ya Syokimau saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nilikuwa nimechagua treni ya saa mbili, ile inayosimama katika vituo vya njiani, kwa nauli ya shilingi 1,500 daraja la kawaida. Kabla ya kuingia, mizigo hupangwa chini kwa mstari ili mbwa wainuse, kisha hupitishwa kwenye mashine, na hapo ndipo nilipokwama. Ndani ya begi mlikuwa na mizani ya kamani, ile ya ndoano inayoshikwa mkononi, pamoja na jiwe la mizani la chuma la kilo mbili. Askari aliitoa mizani, akaivuta ndoano mara mbili tatu, akaniuliza kama nilikuwa nakwenda kuuza samaki. Nilimweleza kwamba nakwenda kupima Dunia. Alicheka sana, lakini lile jiwe alilishikilia kwa dakika kumi hadi mkubwa wake alipokuja kuliona. Anayesafiri na kitu cha chuma kisichoeleweka kwa haraka afike mapema kuliko kawaida, na asiwe mwenye mzaha kama mimi.

Nje ya lango nilikuwa nimekwisha kulitundika lile jiwe, na mshale ulisimama kwenye mbili barabara. Nilikusudia kurudia kipimo hicho Mombasa. Syokimau iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kadiri mtu anavyokikaribia kitovu cha Dunia ndivyo Dunia inavyomvuta kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo abiria wote wa treni ile walikuwa wakishuka pwani huku wakizidi kuwa wazito bila ya kula chochote. Kiasi chenyewe ni kidogo mno. Mtu wa kilo 70 haongezeki hata gramu 40, yaani hafikishi uzito wa yai moja.

Kati ya Emali na Voi nililala. Tulifika Miritini baada ya saa nane mchana, nikapanda matatu hadi mjini kwa shilingi 100, tukakaa Kibarani karibu saa nzima nyuma ya malori ya makontena, kisha nikachukua tuktuk ya shilingi 200 hadi Kibokoni, Mji wa Kale. Dereva aliponiona nikihangaika na begi katika kichochoro asichoweza kupita, alizima injini, akalibeba mwenyewe hadi mlangoni, na hakutaka nyongeza.

Mama Mkubwa anakaa ghorofa ya kwanza, na ngazi za nyumba yake ni za kale, nyembamba na zenye kusimama wima kama za minara. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniomba radhi kwa kutoshuka kunipokea, kwani magoti yamemkataa. Nililitundika jiwe dirishani mbele ya mpwa wangu. Mshale ulisimama kwenye mbili barabara, kama ilivyokuwa Syokimau. Kijana alinitazama kwa huruma. Ilinibidi nimweleze kwamba tofauti ipo, ila haifiki hata gramu moja na kidogo kwa jiwe lile, na kamani ya mizani ya dukani haina macho makali kiasi hicho.

Chombo chenye macho makali kilikuwa ukutani nyuma yake. Mama Mkubwa ana saa kuukuu yenye pendulamu, iliyonunuliwa na marehemu mumewe aliyekuwa baharia, na bado inatembea. Mwaka 1672 mwanafalaki Mfaransa Jean Richer alisafiri na saa ya namna hiyo hadi Cayenne, Amerika ya Kusini, mji ulio digrii tano tu kutoka ikweta. Saa iliyokuwa sahihi Paris ilianza kuchelewa huko kwa takriban dakika mbili na nusu kila siku, na ilimlazimu aifupishe pendulamu. Hakukuwa na kosa la fundi: karibu na ikweta Dunia huvuta kwa udhaifu kidogo, kwa sababu inazunguka na imetuna kiunoni, na pendulamu hurudi polepole pale inapovutwa kwa udhaifu. Mombasa iko digrii nne kusini ya ikweta, hivyo saa ya Richer ingeletwa Kibokoni ingechelewa karibu vilevile.

Mpwa wangu akauliza saa ya bibi ingefanyaje Mwezini. Tulikokotoa pale pale juu ya bahasha. Mwezi huvuta kwa thuluthi... hapana, kwa sudusi, sehemu moja ya sita ya uvutano wa Dunia, na mwendo wa pendulamu hufuata kipeuo cha pili cha kiasi hicho. Basi mshale wa saa ile ungehitaji kiasi cha saa mbili na dakika 28 kuhesabu saa moja. Mirihi ingehitaji saa moja na dakika 38. Kwenye Mshtarii ingekimbia, ikamaliza saa yake kwa dakika 38 tu.

Mama Mkubwa alikuwa akitusikiliza huku akichambua mchele. Akaweka ungo chini. "Sasa niambie, baba, ni sayari gani nitakwenda magoti yangu yapate kupumzika?"

Nilimwomba anipe hadi Ijumaa.

Siku ya pili, Jumanne: Marikiti

Tulikula mahamri na mbaazi, tukaenda Marikiti kabla ya jua kupanda, nikiwa na mizani yangu kwapani. Muuza ng'onda (samaki waliokaushwa) mmoja, mzee mwenye kofia ya vito, alikuwa na mizani ya vitanga, na mpwa wangu alimwomba ruhusa tuzilinganishe. Mzee alikubali kwa sharti kwamba tusiwazibie wateja njia.

Hapo ndipo jedwali la kijana lilipoanza kusema. Mizani ya kamani hupima jinsi kitu kinavyovutwa chini. Ikipelekwa Mwezini, kilo sita za papa zitaonekana kilo moja. Mizani ya vitanga haipimi hivyo. Yenyewe hulinganisha papa na jiwe, na kwa kuwa Mwezi huvuta vitanga vyote viwili kwa udhaifu uleule, kilo sita zitabaki kilo sita huko na kokote kwingine. Kile kinachopimwa na kamani ndicho uzito, nao hutoka kwa mahali ulipo. Kile kinacholinganishwa na vitanga, yaani wingi wa nyama na mfupa uliomo, vitabu vyetu hukiita tungamo, na hicho unasafiri nacho.

Nilikuwa bado natafuta mfano mwingine wakati muuza ng'onda, ambaye sikujua kama alikuwa akisikiliza, alipoinua uso. "Basi huko Mwezini mimi nitanunua kwa kamani, niuze kwa vitanga."

Katika miaka yangu yote ya kufundisha sijapata mwanafunzi aliyelielewa jambo hili kwa haraka namna hiyo. Tulinunua kwake nusu kilo kwa heshima, ingawa bei yake ilikuwa ya juu kidogo.

Tuliketi kwa muuza kahawa nje ya soko, kikombe shilingi 10 na kashata shilingi 10, tukalipitia jedwali. Kitu kinachoanguka duniani huongeza kasi ya mita 9.8 kwa sekunde katika kila sekunde inayopita. Kwa Mwezi ni 1.6, Mirihi 3.7, Zuhura 8.9, Zohali 10.4 na Mshtarii 24.8. Kilichomtatiza kijana ni kwamba Utaridi nayo ina 3.7, sawa na Mirihi, ilhali Mirihi ni kubwa zaidi na tungamo lake linakaribia mara mbili ya la Utaridi. Tena Zohali, yenye tungamo mara 95 ya Dunia, inatuzidi kidogo tu. Nilimweleza kwamba uvutano una mambo mawili: sayari ina wingi gani ndani yake, na wewe uko umbali gani kutoka kitovu chake, kwani uvutano hupungua kwa kadiri ya umbali huo ukizidishwa kwa wenyewe. Utaridi ni ndogo lakini imeshiba chuma, mithili ya lile jiwe la mizani, na anayesimama juu yake yuko karibu na kitovu. Zohali ni gunia la sufi: kubwa ajabu, jepesi kwa ukubwa wake kiasi cha kwamba ujazo kwa ujazo maji ni mazito kuliko hiyo, na juu ya mawingu yake uko mbali na kitovu zaidi ya mara tisa ya umbali wetu.

Mchana tulipumzika kwa sababu ya joto. Hakuna la kuandika.

Siku ya tatu, Jumatano: Kivuko cha Likoni

Kivuko hakimtozi nauli anayekwenda kwa miguu, na kwa anayetaka kutazama mwendo wa binadamu hakuna darasa lililo bora zaidi Mombasa nzima. Nashauri kwenda kati ya saa nne na saa sita, msongamano wa asubuhi ukishapungua, na kulishika begi kifuani.

Mwezi ulikuwa umepevuka usiku uliotangulia, na ilikuwa bamvua. Tulifika maji yakiwa yamekupwa sana, na mteremko wa kuingilia kivukoni ulikuwa mkali kwa sababu hiyo. Bamvua Mombasa hupandisha na kushusha maji kwa zaidi ya mita tatu, na kazi hiyo hufanywa na Mwezi na Jua vinapovuta kwa pamoja. Wavuvi wetu walikuwa na jina lake na jina la maji mafu, yale yasiyopanda wala kushuka sana, kabla ya shule kujengwa.

Mbele yetu ulishuka mkokoteni uliojaa mitungi ya maji ya njano. Mmoja alikuwa mbele kati ya mikono ya mkokoteni, ameegemea nyuma hadi visigino vyake vikawa vinakwaruza zege; mwenzake nyuma amepanda juu ya kipande cha tairi kilichofungwa chini ya mkokoteni, akikikandamiza ardhini kwa uzito wa mwili wake. Hiyo ndiyo breki. Tairi lilitoa moshi mwembamba na harufu ya mpira, mkokoteni ukasita, ukasimama mkono mmoja tu kutoka kwa mama aliyekuwa na kikapu.

Nilimuuliza mpwa wangu kama kazi ile ingekuwa rahisi Mwezini. Alisema ndiyo, kwa kuwa mitungi ingekuwa myepesi. Kuinyanyua, kweli. Hata kwenye mteremko hesabu ingekwenda sambamba, kwa maana kinachouvuta mkokoteni chini kingepungua sawasawa na kinachoushikilia. Tatizo lingekuja ukishapata kasi. Tungamo la mitungi halijapungua hata tone, kwa hiyo ukaidi wake wa kuendelea mbele ni uleule wa Likoni. Lakini tairi hushika ardhi kwa kadiri linavyokandamizwa, na visigino vivyo hivyo, na huko vinakandamizwa kwa sudusi tu. Mkokoteni uliosimama Likoni baada ya mita mbili ungehitaji mita kumi na mbili Mwezini, na mama wa kikapu asingesalimika. Wanaanga wa Apollo, Wamarekani waliotembea Mwezini, waliyapata hayo kwa miili yao wenyewe: vazi na mkoba wa hewa vilivyofika karibu kilo 90 duniani vilikuwa kama kilo 15 begani, ila wakitaka kusimama au kukata kona iliwalazimu waanze kujizuia hatua kadhaa kabla. Wengi walianguka.

Ndani ya kivuko tulipata nafasi ya kusimama karibu na ukingo, na hapo nikaona jambo ambalo nililipiga picha mbaya lakini nalikumbuka vizuri. Tulipokuwa tukishuka upande wa Likoni, mama mmoja mwenye haraka alikuwa amemshika mkono mtoto wa miaka minne hivi. Mama alikuwa anatembea. Mtoto alikuwa anakimbia. Kasi ni moja, ila miguu miwili inatembea na miwili inakimbia.

Siri ni ileile ya saa ya Kibokoni. Tunapotembea, mwili hupita juu ya mguu uliokanyaga kama pendulamu iliyopinduliwa, na uvutano ndio unaouteremsha upande wa pili kwa wakati. Ukienda haraka kupita kiasi, uvutano hauwahi kukushusha, nawe unaanza kuruka hatua kwa hatua, yaani kukimbia. William Froude, mhandisi wa meli Mwingereza wa karne ya 19, alibuni hesabu kwa ajili ya meli na vielelezo vyake vidogo ambayo baadaye ilionekana kufaa kwa miguu pia: kasi izidishwe kwa yenyewe, kisha igawanywe kwa uvutano na urefu wa mguu. Jibu likifika karibu nusu, watu wengi huacha kutembea na kuanza kukimbia. Kwa mguu wangu wa sentimita 90, hapo ni kama kilomita 7.6 kwa saa. Kwa mguu mfupi wa mtoto yule, kilomita tano na kitu. Nami nikipelekwa Mirihi, mwendo wangu wa kutembea ungeishia kilomita 4.6 kwa saa, na Mwezini kilomita 3. Ndiyo maana picha za Apollo zinawaonyesha wazee wazima, marubani wa kijeshi, wakirukaruka kama watoto wanaovutwa mkono: kwa uvutano wa pale, miguu yao ilikuwa mifupi.

Jioni tulikwenda Mama Ngina kula mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, sahani shilingi 50. Vijana walikuwa wakiruka juu kwa mashindano ya kugusa tawi la mbuyu. Mpwa wangu alijipima ukutani kwa chaki. Aliruka sentimita 33. Nilimweleza kuhusu John Young, aliyeruka juu na kupiga saluti Mwezini mwezi Aprili 1972 katika safari ya Apollo 16. Akiwa ndani ya vazi lile zito na gumu alipanda kama sentimita 42 tu, jambo ambalo kijana yeyote wa Mama Ngina angelicheka, lakini alikaa hewani sekunde moja na nusu hivi. Duniani anayeruka kimo hicho hurudi chini baada ya sekunde 0.6. Mpwa wangu alirudia kuruka mara kumi na tano akijaribu kukawia. Muuza mihogo alimwongezea vipande viwili bure kwa bidii yake.

Siku ya nne, Alhamisi: Tulikusudia Ngomeni

Kaskazini ya Malindi, baharini karibu na Ngomeni, kuna majukwaa ya San Marco ambayo Waitaliano waliyatumia kurusha satelaiti kuanzia mwaka 1967 hadi 1988. Kutoka hapo, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ilirushwa satelaiti ya Marekani ya kutafuta miale ya eksi angani, nayo ikaitwa Uhuru. Nilitaka kijana akaone, japo kwa mbali kutoka ufukweni, kwa sababu mahali pale palichaguliwa kwa hesabu ya mwendo: kwenye ikweta ardhi yenyewe inakwenda mashariki kwa takriban kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayorushwa upande huo huondoka na zawadi ya kasi hiyo.

Hatukufika. Matatu tuliyoilipa shilingi 400 kila mmoja ilichemka karibu na Vipingo, katikati ya mashamba ya mkonge, ikatema maji na kunyamaza. Utingo alisema dakika ishirini. Kwa saa ya Mwezini labda.

Baada ya saa moja juani, mama mmoja aliyekuwa akianika nguo upande wa pili wa barabara alituita. "Karibuni kivulini, wageni, gari halitengenezwi kwa kulitazama." Alitupa mkeka na maji ya mtungini, kisha akamwita kijana wake aliyekuwa mkwezi atuangulie madafu. Kijana alijifunga kamba miguuni, akaukumbatia mnazi, akapanda kwa kujikunja na kujikunjua kama kiwavi hadi nikaona tumbo langu likiuma kwa kumtazama.

Mpwa wangu alitoa simu. Alimwomba mkwezi apige ukelele kila anapoachia dafu, akapima muda wa madafu matano. Wastani ulikuwa sekunde 1.6, hesabu ikatupa mnazi wa mita 12 na nusu, na dafu linalofika chini kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 55 kwa saa. Tulihamishia mnazi uleule kwingine. Mwezini dafu lingechukua karibu sekunde nne na kufika kwa kilomita 23 kwa saa. Mirihi, sekunde 2.6 na kilomita 35. Mshtarii haina ardhi ya kuota mnazi, huko juu ni gesi tupu, lakini kwa uvutano wa juu ya mawingu yake dafu lingeshuka kwa sekunde moja, likigonga kwa karibu kilomita 90 kwa saa.

Mkwezi aliposhuka akauliza kama huko Mwezini angepanda upesi. Nilimjibu kwamba mikono peke yake ingetosha, kwa kuwa angekuwa kama anayebeba sudusi ya mwili wake. Ila asilegee, kwa maana dafu la kilo mbili likimpiga kichwani kwa mwendo wa kilomita 23 litakuwa ni lile lile dafu la kilo mbili. Alifikiri kidogo, akasema basi kazi haijabadilika sana.

Mama wa nyumba hakukubali pesa ya madafu mawili ya kwanza, akakubali ya yale matatu. Gari lilipona saa tisa alasiri, likielekea Malindi, nasi tulipanda jingine la kurudi Mombasa. Nusu ya nauli hatukurudishiwa. Anayetaka Ngomeni aondoke Mombasa alfajiri, au alale Malindi, na asikubali kukaa kiti cha juu ya injini.

Siku ya tano, Ijumaa: Bandari ya Kale na jibu la magoti

Asubuhi tulishuka Bandari ya Kale. Nahodha mmoja mzee, akisimamia upakuaji wa jahazi, aliuliza tunachoandika, na alipoelezwa alitoa swali ambalo mimi mwenyewe nililikosea nilipokuwa mwanafunzi: je, jahazi lake, likiwa na shehena ileile katika bahari ya Mwezini, kama ingekuwepo, lingeelea juu zaidi?

Mpwa wangu alisema ndiyo. Nahodha akatikisa kichwa kabla yangu. Jahazi lingekuwa jepesi, lakini maji nayo yangekuwa mepesi kwa kiasi hichohicho, na msukumo wa maji hutokana na uzito wa maji yenyewe. Alama ya maji ubavuni ingebaki palepale. Mawimbi tu ndiyo yangebadilika: ya ukubwa uleule yangekwenda polepole, kama pendulamu. Nahodha akasema mawimbi ya polepole humtapisha mgeni zaidi.

Baada ya sala ya Ijumaa tulikula biriani ya kuku, na Mama Mkubwa akadai deni lake. Mpwa wangu ndiye aliyesimama kujibu, kama mazoezi ya shuleni. Bibi ana kilo 80. Kwa mizani ya kamani Mwezini angesoma 13, Mirihi na Utaridi 30, Zuhura 72, Zohali 85, na kwenye Mshtarii angevuka 200. Zuhura ina joto la zaidi ya nyuzi 460, hivyo tuliiacha. Zilibaki Mwezi na Mirihi.

"Nitafutieni Mirihi," alisema.

Ikabidi niingilie. Wanaanga wanaokaa miezi katika kituo cha anga, kilomita 400 juu yetu, wanaelea. Dunia bado huwavuta huko kwa karibu asilimia 90 ya nguvu ya huku chini, lakini wao na chombo chao wanaanguka pamoja wakiizunguka, hivyo miguu haibebi kitu. Mifupa isiyobeba kitu hujipunguza: nyonga zinaweza kupoteza asilimia moja hadi moja na nusu kila mwezi, na ndiyo sababu hufanya mazoezi kama saa mbili kila siku, wakijifunga kwa mikanda kwenye mashine ya kukimbilia. Waliokaa Mwezini muda mrefu zaidi walikaa siku tatu tu, na Mirihi hajakanyaga mtu.

Mama Mkubwa alinyamaza muda, saa ya ukutani ikisikika. "Yaani nikapate magoti nipoteze nyonga."

"Ukikaa sana, ndiyo, Mama Mkubwa."

"Daktari naye aliniambia nipande na kushuka ngazi pole pole, nisikae kitako. Nilidhani ananionea." Akamtuma mjukuu amletee bakora.

Treni ya kurudi iliondoka Miritini saa nne usiku, viti ni vilevile na usingizi ni mgumu. Atakayeipanda abebe shali. Nilifika Syokimau kabla ya mapambazuko, nikiwa nimepungukiwa na zile gramu zangu chache, na ndipo nilipogundua kwamba mizani nimeisahau Kibokoni.

Juzi mpwa wangu alinipigia simu. Mazungumzo yake yalikwenda vizuri, isipokuwa wenzake walitaka kuendelea na habari za muuza ng'onda hadi kengele ikalia. Nilimuuliza kuhusu mizani. Alicheka, akasema haitoki tena mikononi mwa bibi: kila samaki anayeletwa nyumbani hutundikwa kwanza dirishani, na Jumamosi iliyopita kilo mbili za changu zilisoma kilo moja na nusu. Bibi alizishuka ngazi zote kwa bakora, polepole, akamfuata mwenye samaki hadi kichochoroni kumuuliza kama amevulia Mirihi.